Mafua Yasiyoisha Kiangazi: Mwongozo Kamili wa Kuitambua na Kuituliza Pua Yenye Mzio

Mvua zikikatika na majani yakianza kukauka, kaunta za dawa hapa Tabora mjini hupata wateja wenye malalamiko ya aina moja. Chafya za alfajiri, pua inayochuruzika maji, macho mekundu, usingizi wa kukoroma kwa sababu pua imeziba. Wengi wameshatumia dawa, tena nyingi kuliko walizohitaji: amoksilini iliyobaki kwenye dozi ya mtoto, matone ya pua mwezi mzima, Piriton asubuhi na jioni, na wengine wameshachomwa sindano. Baada ya muda mfupi wanarudi na chafya zile zile.

Dawa zenyewe mara nyingi hazina ubaya. Kinachoharibu ni mpangilio. Mtu anaanza kumeza kabla hajajua pua yake inachokozwa na nini, kisha dawa inayohitaji wiki mbili anaiacha siku ya tatu kwa kuwa "haifanyi kazi". Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zifuate kwa mfululizo wake. Ukirukia ya sita bila ya tatu, utakuwa umenunua dawa tu.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu.
- Chumvi laini, safi, isiyoacha mchanga chini ikiyeyushwa. Hata ya Uvinza inafaa ikiwa ni safi.
- Sufuria yenye mfuniko na chupa safi ya nusu lita.
- Bomba la sindano la mililita 10 au 20, bila sindano yake. Famasi kubwa huuza pia chupa maalumu za kuoshea pua.
- Barakoa kadhaa, au kitambaa kizito cha pamba.
- Ndoo, kitambaa cha kudekia, na sehemu yenye jua kali ya kuanikia.
- Dawa ya kupuliza puani na vidonge vya mzio. Hivi usivinunue leo. Subiri hatua ya 6 na ya 7.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni mzio

Mafua ya virusi yana mwanzo na mwisho. Koo linakereketa, mwili unachoka, homa huenda ikaja, kamasi jepesi linageuka zito, na ndani ya siku saba hadi kumi mambo yamekwisha. Mara nyingi mwingine nyumbani naye huugua.

Mzio hauleti homa wala hauambukizi. Kamasi hubaki jepesi kama maji. Chafya huja kwa mkururo, tano, sita, hata kumi kwa mpigo. Na kuna muwasho: puani, machoni, kwenye kaakaa, wakati mwingine ndani ya masikio. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu, ningeuliza kuhusu muwasho.

Mtoto hawezi kukueleza, ila anaonyesha. Husugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mara kwa mara, mpaka mstari mwembamba unajichora juu ya pua. Wazazi humkemea wakidhani ni tabia. Mtoto anawashwa.

Rangi ya kamasi isikudanganye. Kamasi la kijani au la njano peke yake halithibitishi kwamba kuna bakteria, na si sababu ya kununua antibayotiki.

Simama hapa na uende kituo cha afya ikiwa:

- Pua imeziba au inatoa uchafu upande mmoja tu. Kwa mtoto, ukiwa na harufu mbaya, mara nyingi kuna kitu kimeingia: punje ya hindi, harage, shanga. Usijaribu kukitoa kwa kibanio, utakisukuma ndani zaidi.
- Kamasi lina damu mara kwa mara.
- Kifua kinabana au kutoa mlio wa filimbi unapopumua.
- Uso unauma, kuna homa, au jicho limevimba pembeni.
- Maji mepesi yanatoka tundu moja baada ya kuanguka au ajali ya pikipiki.
- Kuna kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho jingi usiku, au mwili unapungua. Hapo kipimo cha kifua kikuu kinatangulia mambo yote. Watu wamewahi kubeba neno "aleji" kwa miezi kumbe ni TB.

Umefaulu ukiweza kusema bila kubabaika: sina homa, nawashwa, na hali hii hurudi katika mazingira au majira yale yale.

## Hatua ya 2: Elewa maneno utakayoambiwa

Usiiruke hatua hii. Watu wengi hutibiwa kisicho chao kwa sababu tu neno lilieleweka vibaya.

Mzio na aleji ni kitu kimoja. Kinga ya mwili inakichukulia kitu kisicho na madhara, kama chavua (unga wa maua) au kinyesi cha utitiri (vidudu vya vumbi la nyumbani), kuwa adui. Mara ya kwanza huoni kitu. Mwili unajiandaa kimyakimya kwa kutengeneza kingamwili ziitwazo IgE, ambazo hujibandika kwenye seli maalumu za utando wa pua. Adui huyo akirudi, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini ndani ya dakika chache. Hapo ndipo chafya, muwasho na maji hutoka.

Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili. Utando unavimba na pua inaziba. Wimbi hili la pili haliendeshwi na histamini peke yake, na ndiyo maana kidonge cha mzio hukata chafya vizuri lakini pua ikabaki imeziba. Likumbuke hili utakapofika hatua ya 6.

Mafua ya mzio ndilo jina la ugonjwa wenyewe. Kwenye cheti daktari anaweza kuandika rinaitisi. Yakikusumbua chini ya siku nne kwa wiki, au chini ya wiki nne mfululizo, huitwa ya vipindi. Yakizidi kipimo hicho huitwa ya kudumu. Kisha anapima ukali: unalala? unafanya kazi? mtoto anafuatilia masomo? Majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa, kwa hiyo usijikaze kiume mbele yake.

Sainasi ni mashimo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Kila mtu anayo. Anayesema "nina sainasi" anamaanisha yamevimba au yamejaa, na mzio usiotibiwa ni mojawapo ya sababu.

Nyama za puani ni usemi unaobeba vitu vitatu tofauti, na hapa nakuomba uwe makini. Kwa watoto kwa kawaida ni tezi iliyo nyuma ya pua ambayo imekua kupita kiasi. Kwa watu wazima inaweza kuwa polipu, vivimbe laini kama zabibu iliyomenywa. Au ni kingo za ndani za pua, ambazo kila mtu anazo, zimevimba tu kwa mzio. Cha tatu kwa kawaida hutulia kwa dawa, na polipu nazo mara nyingi husinyaa kwa dawa ya kupuliza. Ukiambiwa una nyama za puani na zikatwe, uliza kwa heshima: "Daktari, ni zipi kati ya hizo, na tumeshajaribu dawa kwa muda wa kutosha?"

Kuchokozwa si mzio. Moshi wa kuni, pafyumu, udi, dawa ya mbu na hewa ya baridi huiumiza pua ya mtu yeyote bila IgE kuhusika. Vidonge vya mzio havisaidii sana hapo. Lakini pua ambayo tayari imevimba kwa mzio huchokozeka upesi zaidi, ndiyo maana wewe unapiga chafya kwa moshi ambao jirani hausikii.

## Hatua ya 3: Andika daftari kwa wiki mbili

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kila dalili zikija, andika saa, mahali, ulichokuwa unafanya, na ukali kuanzia 0 hadi 3. Mstari mmoja unatosha: "Saa 12 asubuhi, kitandani, chafya 3, macho 0." Au: "Saa 9 alasiri, mashineni, pua 2, macho 2."

Usiandike "vumbi" kila mahali. Hapa kwetu kila kitu huitwa vumbi, na vumbi la ndani ya godoro na lile la barabara ya Sikonge ni vitu viwili tofauti kabisa. La barabarani ni udongo mkavu, huchokoza. La godoroni lina mabaki ya utitiri, hilo ndilo huamsha mzio.

Wiki mbili zikiisha, soma daftari lako hivi:

Mbaya zaidi kitandani na unapoamka. Mshukiwa wa kwanza ni utitiri wa vumbi la nyumbani, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula vigamba vya ngozi yetu. Wanaishi kwenye godoro, mto na blanketi. Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapowafanya watu watoe mablanketi yaliyolala sandukuni tangu mwaka jana, ndipo chafya za usiku huanza kwa wengi. Kama una kuku wanaolala ndani, au paka anayepanda kitandani, hao nao ni washukiwa.

Mbaya wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili. Fikiria kuvu: ukuta wa udongo unaonyonya maji, nguo zilizofungiwa kabatini, magunia ya mahindi yaliyoingia ndani kabla hayajakauka sawasawa. Harufu ya uvundo ni ushahidi wa kutosha.

Mbaya mvua zinapoelekea ukingoni. Nyasi ndizo zinachanua. Chavua yake ni nyepesi, huenda mbali na upepo. Macho kuwasha sana nje, nafuu ukiwa ndani, ni dalili yake.

Hapa niseme jambo kuhusu miembe yetu. Ikitoa maua, mji mzima huilaumu. Chavua ya mwembe ni nzito kiasi na husafirishwa zaidi na wadudu, kwa hiyo haifiki puani kwa wingi kama ya nyasi. Wapo wanaodhurika nayo, hasa wanaoishi chini ya mti wenyewe. Lakini kabla hujaukata mwembe uliopandwa na babu, chunguza godoro lako.

Mbaya Agosti hadi Oktoba. Vumbi la barabara, majivu, moshi wa mapori yanayochomwa. Hivi ni vichokozi zaidi kuliko vizio, yaani vitu vinavyoamsha mzio wenyewe. Barakoa itakusaidia kuliko kidonge.

Mbaya siku za kazi, nafuu siku za mapumziko au ukisafiri. Kazi yako ndiyo inayokuumiza. Wanaopanga madaraja ya tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge hufanya kazi ndani ya vumbi la majani makavu. Wanaokoboa mpunga Nzega na Igunga huvuta pumba kutwa. Wachambua pamba vivyo hivyo. Mafundi seremala nao wajihadhari: vumbi la mninga linajulikana kuchokoza pua na hata kuamsha pumu. Hali ya kazini usiichukulie kirahisi, kwa maana anayeanza na pua anaweza kuishia kifuani.

Haina mpangilio wowote. Angalia mende jikoni, kisha fikiria vichokozi: udi, marashi, dawa ya mbu ya kuchoma.

Umefaulu ukiweza kutaja washukiwa wawili, wala si kumi. Kuna kipimo cha kudonoa ngozi ambacho hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Ukikipata, siku kadhaa kabla usimeze vidonge vya mzio, maana hufuta majibu. Ila kwa wengi daftari hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

## Hatua ya 4: Anza na chumba cha kulala

Sababu ni rahisi: hapo ndipo unapumua saa saba au nane mfululizo, pua ikiwa sentimita chache kutoka kwenye godoro. Ukishindwa kwingine kote, shinda hapa.

Toa godoro na mito juani mchana kutwa, ugeuze pande zote, mara moja kwa wiki kiangazi chote. Utitiri hauwezi ukavu. Likung'utwe nje, na mtu asiye na mzio. Ukiweza, livishe gamba la plastiki au kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, yaani maji ambayo mkono hauvumilii. Maji ya baridi huondoa mabaki kiasi lakini hayaui utitiri. Blanketi la sandukuni lifue na kulianika kabla ya baridi kuingia.

Chandarua kina masharti yake. Nacho hukusanya vumbi, ila chandarua chenye dawa usikifue kwa maji ya moto wala kukianika juani. Utaharibu dawa na kuwakaribisha mbu. Kifue kwa nadra, kwa maji ya baridi na sabuni laini, ukikaushe kivulini. Kikiwa kipya, kitandaze kivulini kwa siku nzima kabla ya kukitumia. Wengi wanaolalamika kwamba chandarua kipya kinawapa mafua wamekiruka kipengele hiki. Na usiache kulala ndani ya chandarua kwa sababu ya chafya. Malaria si mbadala.

Usifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza au deki kwa kitambaa chenye unyevu, na mwenye mzio atoke nje kwa nusu saa. Mazulia, mapazia mazito na wanasesere wa manyoya vitoke chumbani. Kuku wajengewe banda. Magunia yahamie stoo.

Barabarani, hasa kwa wa bodaboda na baiskeli, vaa barakoa. Ukifika nyumbani nawa uso na badilisha shati kabla ya kujitupa kitandani.

Umefaulu kama chafya za asubuhi zimepungua ndani ya wiki tatu au nne. Kupungua, nasema. Utitiri hauishi wote, na kubadilisha kitu kimoja peke yake mara nyingi hakutoshi. Fanya vitatu au vinne kwa pamoja.

## Hatua ya 5: Osha pua kwa maji ya chumvi

Maji ya chumvi huondoa chavua, vumbi na kamasi, na huiandaa pua kupokea dawa. Hayana gharama na hata mjamzito anaweza kuyatumia.

1. Chemsha nusu lita ya maji. Yakianza kutokota, yaache yatokote walau dakika moja kamili, kisha funika yapoe mpaka yawe vuguvugu.
2. Weka chumvi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, pungufu kidogo. Koroga mpaka iishe.
3. Inama juu ya beseni, geuza kichwa pembeni kidogo, fungua mdomo na upumue kwa mdomo.
4. Kwa bomba la sindano, sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu. Yatatokea tundu la pili, mengine mdomoni, yateme.
5. Rudia upande wa pili. Penga kwa upole, tundu moja baada ya jingine. Ukipenga kwa nguvu unasukuma maji masikioni.

Onyo la kwanza: usitumie maji ya bomba, kisima au mvua bila kuyachemsha, hata kama unayanywa. Tumbo lina asidi inayoua vijidudu, pua haina. Kuna amiba adimu anayeingia kupitia pua na kufika kwenye ubongo, na akifika huko mara nyingi mtu haponi.

Onyo la pili: wengine huongeza soda ya kuokea kidogo ili kulainisha. Si lazima. Na ukisikia neno soda usije ukatia magadi ya kulainishia maharage, wala ile soda ya kutengenezea sabuni. Hiyo inaunguza.

Pua ikichoma, chumvi imezidi au imepungua mno. Bomba lioshe na kulikausha kila mara, na maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwage.

Umefaulu kama hakuna maumivu na unapumua vizuri saa moja baadaye. Mara moja au mbili kwa siku yatosha.

## Hatua ya 6: Dawa ya kupuliza puani

Kwa mzio wa kudumu au unaokunyima usingizi, hii ndiyo dawa kuu. Ina steroidi kidogo, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, inayofanya kazi pale pale puani, inatuliza wimbi la kwanza na la pili: chafya, maji, muwasho na kuziba. Ukifika famasi utakutana na majina kama beklometasoni, budesonidi, flutikasoni na mometasoni. Duka la dawa muhimu la kijijini huenda lisiwe nayo. Famasi za mjini ndiko kwa kutafuta. Mtoto, mjamzito na mwenye ugonjwa wa macho waanze kwa daktari.

Sasa namna ya kuipuliza, maana hapa ndipo kosa lilipo.

1. Osha pua kwanza au penga. Dawa inayotua juu ya kamasi inatoka na kamasi.
2. Tikisa chupa. Ikiwa mpya, puliza hewani mara kadhaa mpaka ukungu utoke sawasawa.
3. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama unatazama vidole vya miguu. Usikiinue juu, dawa itashuka kooni.
4. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Hivyo ncha inaelekea upande wa sikio, mbali na ukuta wa kati.
5. Bonyeza huku ukivuta hewa taratibu. Usivute kama mtu anayenusa ugoro. Ukiisikia dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno.
6. Kwa mtu mzima huwa ni mpulizo mmoja au miwili kila tundu, mara moja kwa siku. Fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Ukuta wa kati una mishipa midogo mingi. Kila siku ukiupulizia, utakauka na kutoa damu. Damu ikitoka, pumzika siku chache, rekebisha mwelekeo, anza tena. Ikiendelea, nenda ukaangaliwe.

Umefaulu lini? Baadhi huona nafuu ndani ya siku moja au mbili, lakini nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki mbili za kutumia kila siku bila kuruka. Usiihukumu kabla ya hapo. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hii dawa nikiumwa napuliza, nikipona naacha, haisaidii." Nilimjibu, "Shikamoo mzee, hii hupulizwa hata siku usiyoumwa."

## Hatua ya 7: Vidonge, na vitu vya kukaa navyo mbali

Kwa mzio wa vipindi, au kwa chafya na muwasho unaobaki hata ukitumia dawa ya kupuliza, setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, zinatosha. Setirizini huwalevya wachache, kwa hiyo jaribu kwanza usiku. Kipimo cha mtoto kinafuata umri na uzito. Usimkatie kidonge kwa kukisia. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kabla ya kumeza.

Klorofeniramini, ambayo wengi tunaiita Piriton, ni ya zamani, inapatikana kila mahali na inaleta usingizi. Dereva wa bodaboda, mwendesha mashine ya kukoboa na mwanafunzi mwenye mtihani wasiitumie mchana. Wazee wenye shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume, au presha ya macho, wajiepushe nayo. Mtoto mdogo chini ya miaka miwili asipewe bila daktari.

Matone ya kuzibua pua, kama oksimetazolini na ksailometazolini, hufungua pua ndani ya dakika chache, na utamu huo ndio mtego. Yakizidi siku tatu hadi tano, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, unaongeza matone, inaziba zaidi. Aliyenaswa atahitaji kuyaacha huku akitumia dawa ya kupuliza yenye steroidi, na siku za mwanzo zitakuwa ngumu. Vidonge vya mafua vyenye dawa ya kuzibua navyo hupandisha shinikizo la damu.

Sindano ya mzio na vidonge vya prednisoloni vya kununua mwenyewe: hapana. Vinatuliza kweli, ndiyo maana vinapendwa. Lakini steroidi hiyo inazunguka mwili mzima, inapandisha sukari, na ikirudiwarudiwa inadhoofisha mifupa na kinga. Usiilinganishe na ya kupuliza.

Antibayotiki hazigusi mzio hata kidogo.

Kujifukiza kunalegeza kamasi kwa saa moja hivi. Hatari yake ni sufuria ya maji ya moto kumwagika mapajani; mtoto asifukizwe kabisa.

Asali. Najua niko wapi, nikiisema vibaya asali nitafukuzwa mkoani. Asali ya miombo ni tamu, inatuliza koo na kikohozi. Ila kwa mzio wa pua ushahidi ni dhaifu: nyuki huchukua chavua ya maua yanayotembelewa na wadudu, na wewe unaumwa na chavua ya nyasi inayoletwa na upepo. Kula kwa raha yako. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe hata kidogo.

## Hatua ya 8: Pima matokeo, punguza au panda ngazi

Baada ya wiki nne rudi kwenye daftari ulinganishe na mwanzo.

Kama umelala vizuri na alama zimeshuka kuwa 0 au 1, endelea mpaka majira yako mabaya yapite, kisha acha vidonge kwanza, halafu dawa ya kupuliza. Kuosha pua na usafi wa chumba viendelee.

Kama hakuna mabadiliko, kabla ya kuongeza dawa hakiki mambo matatu: unapuliza kuelekea sikio? umetumia kila siku? yule mshukiwa wako wa kwanza bado yuko chumbani? Yote yakiwa sawa, nenda na daftari lako hospitali, kama ile ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, uombe kuonwa na mtaalamu wa masikio, pua na koo. Anaweza kutazama ndani kwa kamera ndogo, akaona polipu au ukuta uliopinda, vitu ambavyo mimi na wewe hatuvioni. Ikilazimu atakuelekeza hospitali ya kanda kama Bugando, Mwanza. Matibabu ya kuuzoesha mwili kizio kidogo kidogo huchukua miaka mitatu hadi mitano na yanahitaji mtaalamu, kwa hiyo yasikuumize kichwa leo.

Mwenye pumu asisubiri wiki nne. Pua na kifua ni njia moja. Pua ikiharibika, pumu hufuata, na dawa zake za kifua asizipunguze hata siku moja kwa sababu ameanza dawa ya pua.

Mwaka unaofuata usingoje chafya ya kwanza. Daftari litakuonyesha mwezi wako. Rudi nyuma wiki mbili, anza kupuliza hapo, na angalia kwanza tarehe ya mwisho kwenye chupa ya mwaka jana. Nyingi huandikwa siku za kutumika baada ya kufunguliwa, na zikipita inatupwa hata kama bado ina dawa ndani.